Daftari la Mashine Si Mali ya Tajiri Peke Yake

Ndugu wafanyakazi,

Neno letu la safari hii ni kwa makarani, wauguzi, walimu na watunza bohari wa Pap Onditi na Nyakach nzima, ambao kazi yao siku hizi imo ndani ya kompyuta kuukuu. Twataka kusema juu ya daftari ambalo wengi wenu hamjaliona, ingawa huandikwa kila siku mbele ya macho yenu. Siku ya shauri daftari hilo laweza kumwokoa mfanyakazi, na laweza kumtoa kazini. Kwa hiyo twasema wazi: ni haki yetu kulijua, na ni haki yetu kulisoma.

Kila mtu alijua buku la O.B. katika kituo cha polisi. Ukienda na shtaka lako, askari huandika saa, jina na jambo lililotokea, nawe hupewa namba. Nahodha wa meli ya ziwani naye ana buku lake: saa ya kung'oa nanga, hali ya hewa, hitilafu ya injini. Kompyuta nayo ina buku la namna hiyo. Ndani yake mna programu ndogo ifanyayo kazi chinichini, bila dirisha wala kelele. Huandika kwamba mashine imewashwa saa fulani, imezimwa saa fulani, diski imekosea, fulani ameingia. Haingoji kuamriwa. Huanza mashine inapoamka na huacha mashine inapolala.

Jambo hili si geni. Kwa mashine za Unix, programu iitwayo syslog ilitungwa na Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980. Windows nayo imekuwa na daftari lake tangu Windows NT ya mwaka 1993. Kwa hiyo hata mashine yenye Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 8 Aprili 2014, au yenye Windows 7, iliyoachwa tarehe 14 Januari 2020, ingali inaandika. Mashine imezeeka, lakini karani wake wa ndani hajastaafu.

Sasa tuone faida yake kwa mtu wa mshahara. Tuchukue mfano. Mtunza bohari ya dawa ameketi tangu asubuhi akiingiza hesabu. Saa kumi jioni radi inapiga, umeme unakatika, mashine inazima. Asubuhi yake hesabu za jana hazipo. Mkubwa anauliza: nani amezifuta? Anapewa barua ya kujieleza katika siku mbili. Ana nini mkononi ila mdomo wake? Na mdomo wa mtu mdogo mbele ya meza kubwa, ndugu, wote twajua uzito wake.

Lakini daftari linalo neno. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika eventvwr, kisha ufungue sehemu iitwayo System. Kila tukio lina namba yake. Namba 6006 maana yake mashine ilifungwa kwa taratibu yake. Namba 6005 maana yake imeamka na daftari limefunguliwa. Namba 6008 ndiyo rafiki wa mtunza bohari wetu: yasema kwamba kuzimwa kulikotangulia hakukutazamiwa, nayo hutaja saa na tarehe ya kuzimwa huko. Ukikuta 6008, wala hakuna 6006 kabla yake, basi mashine ilikatika ghafla. Namba hiyo haitaji sababu ya kukatika, lakini huthibitisha saa, na majirani wote wanaweza kushuhudia kwamba saa hiyo hiyo taa zilizimika.

Umeme kukatika si hadithi ya kutunga. Kituo cha Sondu-Miriu, ambacho kina uwezo wa megawati 60, kimo humu humu Nyakach, lakini kukaa karibu na mtambo hakumlindi karani. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. Mashine yoyote iliyokuwa ikifanya kazi bila betri ya akiba usiku ule ilikatwa katikati ya kazi yake. Je, makosa ya namna hiyo alipe mfanyakazi?

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya. Daftari hili ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Katika mashine kuukuu lina udhaifu wa namna nne, na kila mfanyakazi aufahamu kabla hajaitwa mbele ya kamati.

Kwanza, saa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo, mara nyingi ya namba CR2032, ambayo huendesha saa wakati umeme haupo. Ikifa, mashine huamka ikidhani ni mwaka mwingine wa zamani, na daftari huandika tarehe za uongo bila kujua. Mtu aweza kushtakiwa kwa jambo la siku ambayo hakuwapo, au akakosa kujitetea kwa siku ambayo alikuwapo. Betri hiyo ni kitu cha bei ndogo. Ofisi ikishindwa kuinunua, isilete daftari lake mbele yetu kama msahafu.

Pili, jina. Daftari huandika jina lililotumiwa kuingia, wala haliuoni uso wa mtu. Katika ofisi nyingi watu watatu au wanne hutumia jina moja na neno moja la siri, kwa sababu mashine ni moja na foleni ya watu ni ndefu. Hapo daftari likisema jina fulani liliingia saa tatu, limetaja kiti, halikumtaja aliyekikalia. Haifai mtu kufukuzwa kwa kiti. Tena katika Windows XP kuandika nani ameingia hakufanyiki mpaka mwenye madaraka ya mashine akuamuru.

Tatu, nafasi. Daftari la Windows XP, likiachwa kama lilivyokuja, lina kilobaiti 512 tu, na likijaa hufuta matukio yaliyopita siku 7 ili liandike mapya. Lile la Windows 7 lina megabaiti 20, nalo hufuta ya zamani likijaa. Kwa hiyo ushahidi wako huoza kama samaki wa jana. Anayengoja mwezi mzima ndipo aombe nakala, atakuta mifupa.

Nne, mkono wa mtu. Mwenye madaraka ya mashine aweza kulifuta daftari. Lakini lile la usalama likifutwa, mashine huandika kwamba limefutwa: namba 517 katika XP, namba 1102 katika Windows 7. Tajiri akisema daftari halina kitu, tumwulize kama namba hiyo imo, na jina gani limeandikwa pamoja nayo.

Wako wasemao kwamba mashine haisemi uongo, na kwamba mfanyakazi akikana anapoteza wakati. Na watazame Uingereza. Mwaka 1999 Posta ya huko ilianza kutia katika matawi yake mtambo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mtambo ulionyesha upungufu wa fedha, na kati ya mwaka 1999 na 2015 mawakala wa posta zaidi ya 900 walishtakiwa. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtambo wenyewe ulikuwa na makosa yawezayo kuleta upungufu katika hesabu za tawi, na kwamba watu wa kampuni waliweza kuingia katika hesabu hizo kutoka mbali. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia wengine. Rekodi za ndani za mtambo zilikuwa mikononi mwa wakubwa, hazikuwa mikononi mwa walioshtakiwa. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Daftari asomalo mmoja peke yake huwa fimbo ya huyo mmoja.

Na kuna wenzetu wasemao: basi daftari lote ni jicho la tajiri, na lizimwe. Twawaheshimu, lakini hatukubali. Tukilizima, mtunza bohari wetu anarudi kwenye mdomo wake mtupu. Afadhali tutenganishe mambo mawili. Daftari la mashine huandika hali ya mashine, na hilo latufaa. Programu za upelelezi, zile zinazoandika kila herufi mtu anayobonyeza au kupiga picha za kioo cha mashine kila dakika, ni jambo jingine kabisa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu, na mfanyakazi haiachi faragha yake mlangoni pamoja na mwavuli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuzipata, na haki ya kusahihishiwa za uongo. Akinyimwa, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, nayo yataka mfanyakazi aelezwe sababu na asikilizwe kabla ya kuachishwa kwa ajili ya makosa, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi chataka rekodi ya kompyuta iletwe mahakamani pamoja na cheti cha mtu mwenye dhamana ya mashine. Karatasi tupu iliyochapwa haitoshi.

Kwa hiyo matakwa yetu ni haya, nayo yaandikwe katika mapatano ya kila mahali pa kazi:

1. Kila mfanyakazi awe na jina lake na neno lake la siri katika mashine.

2. Betri za saa zibadilishwe zikifa, na tarehe ya mashine ikaguliwe kila Jumatatu.

3. Nafasi ya daftari iongezwe, na nakala iwekwe kila mwezi mahali ambapo mwakilishi wa chama aweza kuiona.

4. Barua yoyote ya mashtaka yenye kutegemea kompyuta iletwe pamoja na nakala ya daftari la siku hiyo, lote, si mistari iliyochaguliwa.

5. Programu yoyote ya kumchunguza mfanyakazi isitiwe kabla hatujaambiwa na kujadiliana.

Nanyi ndugu, mna kazi yenu. Umeme ukikatika, andikeni saa katika daftari la karatasi, wawili mtie sahihi. Jambo likitokea, ombeni nakala siku hiyo hiyo kwa maandishi. Msivunje mlango wa mashine wala kutumia neno la siri la mwingine, maana Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 haitamwuliza mtu nia yake ilikuwa njema kiasi gani. Pitieni kwa mwakilishi wenu.

Babu zetu walibishana na wakubwa juu ya kadi za saa na vitabu vya mishahara, wakadai wavione. Leo kitabu kimehamia ndani ya sanduku la chuma, lakini dai ni lile lile. Yaliyoandikwa juu yetu, tuyasome.

Umoja ni nguvu.