Ziwa Lipimwe Alfajiri

Utasikia ikisemwa fuoni, kuanzia Muhuru na Sori hadi Mbita, kwamba hewa ukaa, ambayo hugeuka asidi ikiyeyuka majini, ni balaa ya bahari. Maji ya Ziwa Victoria ni ya alikali, asidi itayafikiaje? Anayesema hivyo hajazua kipimo. Pima pH katika Ghuba ya Winam saa saba mchana, jua likiwaka, na aghalabu utapata 8 au zaidi. Alichokosea ni saa ya kupima.

Mchana, mwani unaoyapa maji ya ghuba rangi ya kijani hufyonza hewa ukaa ujitengenezee chakula, na pH hupanda. Giza likiingia, kazi hiyo husimama. Mwani wenyewe, magugumaji yanayooza, samaki na bakteria wa topeni, wote huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa usiku kucha. Fika kwenye vizimba vya kufugia samaki kabla jua halijachomoza, siku ambayo upepo umetulia: sato wamejaa juu, midomo ikifunguka na kufumba usoni pa maji. Watu huanza kunong'ona kuhusu sumu. Mara nyingi ni oksijeni iliyopungua na hewa ukaa iliyojaa kwa pamoja. Kamongo ana mapafu, atastahimili, sato hana.

Tena hewa ukaa haiishii kumbana samaki pumzi, humvuruga akili. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kulea vifaranga wa samoni katika maji yasiyo ya chumvi yenye hewa ukaa nyingi. Walidumaa, na harufu ya hatari haikuwashtua ipasavyo. Kifaranga asiyeshtuka ni mlo wa mbuta.

Kweli, utafiti mkubwa wa 2020 kuhusu samaki wa matumbawe haukuyaona madhara ya hewa ukaa kwa tabia yaliyodaiwa na tafiti za awali, na hilo lisifichwe. Lakini huo ulikuwa wa baharini. Katika mabwawa 4 ya Ujerumani yaliyofuatiliwa kati ya 1981 na 2015, maji matamu kabisa, pH ilishuka kwa takriban 0.3 huku hewa ukaa ikipanda.

Sisemi moshi wa dunia peke yake ndio unaowakaba sato wa Homa Bay. Mto Kuja unateremsha udongo na mbolea, miji inamwaga majitaka, mwani unanona. Mzigo wa angani unaongezwa juu ya huo wetu.

Vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU), wafugaji wa vizimba na idara za uvuvi za Migori na Homa Bay: pimeni pH na oksijeni saa kumi na moja alfajiri, na muandike kila siku.