Mlima Hautaki "Niko Ndani"

Wasee wa Eldoret, leo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila mwaka mbogi zetu zinapanga kupanda Mlima Elgon, na kila mwaka safari inafia kwa grupu la WhatsApp. Mkiulizwa, mnasema shida ni pesa. Nakataa. Shida ni vile tunachagua watu.

Desemba iliyopita grupu langu lilikuwa na watu kumi na wawili. Wote waliandika "niko ndani". Asubuhi ya safari, kwa steji ya matatu za Kitale, tulikuwa wanne. Wengine waliingia mitini: huyu simu imezimwa, yule ameitwa ocha ghafla. Sawa, tukaenda. Lakini hata sisi wanne hatukuwa tumewahi kutembea pamoja hata masaa mawili.

Siku ya pili tulikuwa tunaelekea Koitobos, kilele cha mita 4,222 upande wetu wa Kenya. Mmoja wetu akaanza kuumwa na kichwa, akatapika nyuma ya jiwe, akanyamaza. Aliogopa tutamwita legelege. Na mimi nilimwona. Nikajifanya sijaona, kwa sababu nilitaka picha ya kileleni. Alipoanza kuyumbayumba kama mlevi ndipo tukageuka. Tulimshusha gizani na tochi moja. Alipona, lakini tungechelewa zaidi, pengine leo ningekuwa naongea na mama yake, si na nyinyi.

Na msiniambie sisi tumezoea juu, eti hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Medali za Kipchoge ni za Kipchoge. Eldoret iko karibu mita 2,100; Koitobos ni mara mbili ya hapo. Ukipanda haraka, ugonjwa wa mlima hauulizi umetoka kaunti gani. Dalili zikizidi, dawa ya kwanza ni kushuka. Anayekuambia "vumilia kidogo, tumekaribia" anakuchimbia kaburi.

Kuna watatu walioelewa hii kitu kutuliko. Januari 1943, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita Nanyuki, walitoroka kambi wapande Mlima Kenya. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Lakini Benuzzi alikuwa ametumia miezi akitafuta wenzake mle kambini. Barsotti hakuwa mpandaji, na hakujifanya: alibaki chini kwenye hema. Wawili walijaribu Batian, hali ya hewa ikachafuka, wakageuka bila aibu. Baadaye wakafika Lenana, wakamrudia mwenzao, na wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Wafungwa, bila simu, walijuana kutushinda sisi wenye bando.

Wengine mtasema basi tulipie kampuni ya Nairobi itupange. Lipa kama unataka. Lakini kampuni haitakupa mtu wa kusema ukweli ukianza kuzidiwa.

Kwa hivyo fomu ni hii. Kabla ya Elgon, shukeni kwa miguu kutoka Iten hadi Tambach, halafu mpande tena siku hiyo hiyo. Hapo utajua nani hubeba maji yake, nani hungoja wa nyuma, na nani ni mdomo tu. Kila mtu aseme anaumwa nini na ana pesa ngapi, bila sifa. Wekeni tarehe ya kutuma mchango kwa M-Pesa. Asiyetuma hayumo, hata kama ni binamu yako. Ulizeni KWS mapema kuhusu ada, askari na mwongozaji. Na sheria kubwa: mmoja akisema turudi, tunarudi. Hakuna kupiga kura. Mkibaki watatu, watatu wanatosha.

Lile grupu nimelifuta. Mwaka huu narudi Elgon, na mtu wa kwanza niliyemuuliza ni yule tuliyemshusha. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza: "Nikikuambia kichwa kinauma, utageuka?"

Nimemuahidi. Sasa wewe, kabla hujaandika "niko ndani" kwa grupu la mtu, jiulize kama ungeweza kumuahidi hivyo.