Mkate wa chachu na baridi ya Mafinga

Anayetaka kuoka mkate nyumbani hapa Mafinga huambiwa mambo mawili: bila hamira ya dukani unga hauumuki, na kwa baridi ya huku hata wenye hamira husuasua. Yote mawili nayapinga. La kwanza linakanushwa na mgema wa ulanzi. Hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akatega mbeta, na utomvu mtamu uliodondoka humo hauchukui muda kuanza kutoa povu na kugeuka mkali. Hakuna aliyetia hamira. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu vya asili, na unga wa ngano nao unavyo: hamira za porini zinazotoa hewa ya kuumua, na bakteria wanaotengeneza tindikali, jamaa wa wale wanaochachusha togwa. Chachu ni makao yao tu, nayo hulishwa.

Changanya gramu 50 za unga wa ngano usiokobolewa na gramu 50 za maji kwenye chupa ya kioo, ufunike bila kukaza. Kila siku ondoa nusu, kisha ongeza unga na maji kwa uzito ulio sawa. Siku za mwanzo povu litapanda, halafu chachu itanyamaza kabisa. Wengi huimwaga hapo, nao hukosea, kwani vijidudu vya mwanzo vinawapisha wanaostahimili tindikali. Ikionekana rangi ya waridi au ya chungwa, hiyo ndiyo ya kutupa. Imekomaa inapopanda maradufu ndani ya saa chache baada ya kulishwa. Hapo chukua unga gramu 500, maji 325, chachu 100 na chumvi 10, uvichanganye. Donge hili halihitaji kukandwa kwa nguvu. Lowesha mkono, shika ukingo wake, uvute juu taratibu bila kuukata, ukunjie katikati, zungusha bakuli, urudie pande zote. Fanya hivyo mara nne, ukipumzisha nusu saa kila mara, na utaona donge lililokuwa likinata vidoleni linakuwa laini na kujishika lenyewe.

Sasa baridi. Waokaji wa miji yenye joto hutia donge kwenye jokofu usiku kucha kwa makusudi, maana ubaridi huipunguza kasi hamira na kuipa ladha muda wa kujengeka. Mwezi Julai, chumba cha kawaida Mafinga hufanya kazi inayokaribia hiyo bila umeme. Mwenye haraka asogeze bakuli karibu na jiko. La muhimu ni kulitazama donge, si saa ya ukutani.

Watasema hamira humaliza kazi kwa saa mbili. Ni kweli, na kwa maandazi ya biashara ya asubuhi sina ugomvi nayo. Lakini saa nyingi za mkate wa chachu ni za kulala. Kazi ya mikono haizidi nusu saa. Oveni nayo si lazima: sufuria nzito yenye mfuniko, makaa machache chini na mengi juu, inatosha. Uchachu wa mkate huu hauwezi kumshangaza aliyelelewa kwa togwa. Na tindikali hiyo huchelewesha ukungu, tena hupunguza vitu vilivyomo kwenye pumba vinavyouzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mama anayenunua mkate kila siku mbili ana sababu ya kulipima jambo hili.

Chachu hukomaa kwa wiki moja hadi mbili. Atakayeianza Mei ataikuta tayari baridi ya Juni inapoingia.