Tujifunze Pamoja: Daktari Hakusema Sikio

Mwezi huu hatutazungumzia chanjo wala uji wa lishe. Tutazungumzia Kiingereza, na mtaona kwamba hatujatoka mbali na wodi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa zamu ya asubuhi, wodi ya watoto imejaa. Mama mmoja kijana alimleta mwanawe mwenye homa. Kipimo cha kwanza cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari mgeni, asiyejua Kiswahili, alimwambia kwa upole: "We'll play it by ear." Mama aliitikia kwa kichwa, akambeba mtoto akaondoka. Sisi tulikuwa hapo hapo tukipima watoto wengine. Tulisikia, wala hatukumfasiria.

Siku ya tatu alirudi, mtoto amelegea.

"Umemfanyia nini nyumbani, mama?" tukamwuliza.

"Sista, si daktari alisema ni sikio? Nimekuwa nikimtia mafuta ya uvuguvugu."

Kipimo cha pili kilionyesha malaria. Mtoto alilazwa siku nne, na kwa neema ya Mungu akapona. Lakini siku mbili zilipotea, na lawama ni yetu sisi tuliojua lugha zote mbili tukanyamaza.

Mama yule hakukosea neno: "ear" ni sikio kweli. Ila maneno yale yakikaa pamoja huwa na maana nyingine, nayo yametoka kwa wapiga muziki. Mpiga kinanda asiyesoma nota hufuata sikio lake, akapiga kadiri wimbo unavyokwenda. Hivyo usemi huo maana yake ni kuamua kadiri mambo yanavyojitokeza. Daktari alitaka kusema: tumwangalie mtoto kwanza, homa ikiendelea mrudishe.

Tangu hapo tulianza kukaa nusu saa na akina mama wa kwaya baada ya mazoezi, kila mmoja na daftari lake. Wengi walikuja kwa sababu ya watoto, maana hapa Tanzania mtoto akitoka shule ya msingi ya serikali hukuta masomo ya kidato cha kwanza yanafundishwa kwa Kiingereza, na mama huona haya kulifungua daftari la mwanawe. Tulianza na muziki kwa kuwa vitu vyake tunavishika kila Jumapili. Haya ni baadhi ya tuliyojifunza.

Kwanza, maneno yenye kazi mbili. "Organ" ni kinanda cha kanisani, na pia ni kiungo cha ndani ya mwili, kama ini au figo. "Drum" ni ngoma. "Eardrum" ni kiwambo cha sikio, ambacho nacho hutikisika kama ngoma sauti inapokigonga. "Beat" ni pigo la ngoma, na "heartbeat" ni pigo la moyo. "Chord", yenye herufi h, ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. "Cord", isiyo na h, ni kamba, na hilo ndilo neno la kitovu cha mtoto mchanga. Kwa kutamka yote mawili ni sawa, basi sikiliza linasemwa wapi.

Pili, misemo. Mtu akisema habari fulani ni "music to my ears", amefurahi kuisikia. Akisema jina "rings a bell", jina hilo linamkumbusha kitu, kama kengele imelia kichwani. Mgonjwa aliye "fit as a fiddle" amepona kabisa, yu buheri wa afya. Mwenye "to face the music" hana budi kukabili matokeo ya kosa lake. Na anayepuliza tarumbeta yake mwenyewe, "blow your own trumpet", anajisifu. Sisi twasema anajipigia debe. Mnaona, hata Kiswahili kimechukua usemi kutoka kwenye kupiga na kuvumisha.

Tatu, sarufi kidogo. Sisi tuna kusikia na kusikiliza. Kiingereza nacho kina "hear" na "listen", ila "listen" hufuatwa na "to": "I listen to the choir." "Hear" haihitaji: "I hear the choir." Ukitaja ala unayopiga, tanguliza "the": "She plays the guitar." Na "music" haiongezwi s hata iwe nyingi namna gani. Nyimbo huhesabika, "one song, two songs", lakini muziki hauhesabiki. Ndivyo ilivyo pia kwa "advice", yaani ushauri, neno ambalo wengi wetu huliongezea s bila sababu.

Maneno matano kwa juma yanatosha. Yaandike, yatamke ukiosha vyombo, kisha mwulize mwanao naye akuulize. Hakuna aibu mama kujifunza kwa mtoto.

Yule mama wa mafuta ya sikio alijiunga nasi, na leo anaimba sauti ya pili. Siku moja tulimwuliza ni neno gani limemfaa kuliko yote. Hakutaja msemo hata mmoja. Alisema ni hili: "Please say it in simple words." Tafadhali sema kwa maneno rahisi. Asema kama angelijua siku ile, asingemtia mtoto mafuta.

Basi, mpendwa, hilo liwe la kwanza katika daftari lako mwezi huu. Na ukiwa hujalishika, uliza kwa Kiswahili: "Sista, amesemaje?" Nasi wauguzi yatupasa kujibu kabla hatujaulizwa.

Hadi mwezi ujao, tubaki salama.