MSIMFUKUZE NESI, NUNUENI MASHINE



Kitambaa kikisahauliwa tumboni mwa mgonjwa, wakubwa humtafuta nesi. Hakuhesabu vizuri, afukuzwe! Sisi watu wa reli tunaijua sana hukumu hiyo. Treni ikianguka, wa kwanza kuulizwa ni yule mwenye bendera.

Lakini tazameni mambo yalivyo. Mwaka 2003 daktari Atul Gawande na wenzake wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 54 walioachiwa vitu mwilini. Zaidi ya nusu ya vitu hivyo vilikuwa vitambaa. Na pale palipohesabiwa, mara nyingi hesabu ilitangazwa kuwa sawa. Basi manesi hawakulala, walihesabu. Vitambaa viwili vilivyoshikana vikihesabiwa kimoja mwanzoni, mwishoni hesabu hutimia na kimoja kimo ndani, kimelowa damu, hakitofautiani na nyama.

Waliona tena kuwa operesheni ya dharura huzidisha hatari hii karibu mara tisa. Na nani hupasuliwa kwa dharura? Ni yule aliyebanwa kati ya mabehewa, na yule aliyeanguka kutoka juu ya jengo. Ni sisi hao.

Dawa ipo. Hospitali ya Mayo kule Rochester, Minnesota, ilianza mwaka 2009 kutumia vitambaa vyenye alama inayosomwa na mashine. Kila kitambaa kina alama yake, kwa hiyo mashine haiwezi kukihesabu mara mbili. Kwa miezi 18 vilitumika vitambaa zaidi ya milioni 1.8, wala hakuna hata kimoja kilichosahauliwa. Viko na vingine vyenye kidude kinachojibu mawimbi ya redio: kifaa hupitishwa juu ya mgonjwa kabla hajashonwa, na kama kimo kimoja, hulia.

Tutaambiwa ni ghali. Je, kumpasua mtu mara ya pili ni bure? Na mshahara wake akilala kitandani miezi, nani analipa?

Lakini mashine isiwe sababu ya kupunguza manesi. Mashine hiyo husoma vitambaa tu. Sindano na makasi bado ni kazi ya macho mawili na mikono miwili, tena ya mtu aliyepumzika.

Wajumbe wetu wakizungumza na waajiri habari ya matibabu, waulize hospitali tunazopelekwa zinahesabu kwa kitu gani, na nesi wa zamu ya usiku amesimama saa ngapi. Wauguzi wakidai mashine hizi, sisi wa reli tutakuwa nyuma yao.