Kompyuta Ikiona Maruweruwe

Natoka zamu ya usiku hapa Louisville, mpwa wangu anapiga simu toka Buffalo: "Mama mdogo, skrini imejaa mistari ya rangi!" Dada, kule Columbus, alishataka kumtumia pesa ya skrini mpya. Nikawaambia, hatutibu kabla ya kupima.

Kwanza, kazi za chuo ziingie kwenye flashi. Kisha unganisha kompyuta na televisheni kwa waya mwingine wa HDMI. Picha ikiwa safi, mgonjwa ni skrini au waya wake. Mistari ikifuata, tena hata kabla Windows haijafunguka, shuku kadi ya picha.

Ilifuata. Akapuliza vumbi kwenye feni, haikusaidia. Usiku ule kompyuta ikazima moja kwa moja. Ripoti yake ilikuwa mfukoni.

Wazazi wenzangu, flashi kwanza.