Mto Msimbazi Hauna Manispaa

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita katika halmashauri kadhaa hadi baharini, chini ya Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 Dar es Salaam. Na kadiri hewa inavyozidi joto, ndivyo inavyobeba mvuke mwingi na kumwaga mvua kali zaidi. Halmashauri ya juu ikiachia miti ikatwe na mchanga uchimbwe ovyo, tope huishia Jangwani. Halmashauri ya Jiji iliyoziunganisha manispaa ilivunjwa Februari 2021. Hivyo wakurugenzi, Kisarawe ikiwamo, hawana budi kukaa pamoja na kutenga fungu moja kabla ya masika.